Sura ya 7: Sifa za Moshi, Kazi ya Upepo

Treni ya zamani ya Reli ya Kati ikishatoka Kilosa kuelekea Dodoma hujibanza kando ya mto Mkondoa na kuanza kuingia milimani. Munisagara iko huko, bondeni, bado upande wa mvua. Kilosa hupata kama milimita 1,000 za mvua kwa mwaka. Dodoma haifikishi 600. Kati ya sehemu hizo mbili ni mwendo wa saa chache tu, lakini ndio unaoamua kama mwenye nyama mbichi ataianika au ataibanika.

Ugogoni, mtu akichinja mbuzi wakati wa kiangazi, nyama isiyoliwa siku hiyo hupasuliwa, ikatiwa chumvi na kutundikwa kwenye kamba, kisha jua na upepo wa nyanda za kati vikamaliza kazi. Jaribu hivyo hivyo Munisagara mwezi wa Aprili. Nguo za jana bado hazijakauka, inzi wamejaa, na nyama itatoa harufu kabla haijatoa maji. Ndiyo maana watu wa bondeni hutegemea moto: uchanja wa miti mibichi, makaa chini yake, na mtu wa kukaa macho usiku. Kambale wa Kilombero hukaushwa kwa njia hiyo hadi leo. Sokoni Ifakara utawakuta wamekunjwa duara, mkia umepenyezwa kinywani, weusi kama mkaa.

Sura hii ni ya kutengeneza nyumbani nyama kavu ya kutafuna, ile ambayo Wamarekani huiita jerky, kwa kutumia pipa la moshi. Lakini kabla ya kugusa kisu kuna dhana moja ya kuondoa, maana ndiyo inayoharibu nyama za watu wengi. Ukimuuliza mtu kinachoifanya nyama ya kubanika isioze, atakwambia moshi. Moshi una harufu, una rangi, unaonekana, upepo hauonekani. Kwa hiyo kazi anafanya mmoja, sifa anachukua mwingine.

Ukweli ni kwamba nyama haiozi kwa sababu haina maji ya kutosha kuwanywesha bakteria. Wataalamu wa chakula hupima maji hayo kwa kipimo cha kuanzia 0 hadi 1. Nyama mbichi iko kwenye 0.99. Ikishuka chini ya 0.85, karibu bakteria wote wanaosumbua watu hushindwa kuzaliana, ingawa ukungu wa aina fulani bado utaweza. Kipimo hicho hakisomi uzito wa maji peke yake, bali maji yaliyo huru kutumiwa na vijidudu, na hapo ndipo chumvi inapoingia: huyashika maji hayo kabla hata hayajaondoka. Moshi nao una mchango wake. Una asidi, fenoli na formaldehaidi, ambazo hufukuza inzi, huchelewesha ukungu na huyazuia mafuta yasichache haraka. Lakini hizo hukaa juu juu tu. Chukua pande nene la nyama, lifukize mpaka liwe jeusi, kisha lipasue: ndani utakuta wekundu na unyevu, na huko ndiko uozo utakakoanzia.

Sasa, kama moshi si mkaushaji, moto unafanya nini masika? Unapasha hewa. Hewa ya nyuzijoto 25 yenye unyevu wa asilimia 90, ambayo ndiyo hewa ya kawaida ya asubuhi ya masika bondeni, ukiipandisha hadi nyuzi 55 bila kuiongezea maji, unyevu wake hushuka hadi asilimia 18 hivi. Maji ni yale yale, ila hewa ya moto ina uwezo wa kubeba mengi zaidi, kwa hiyo inakuwa na kiu. Kwa maneno mengine, uchanja uliojengwa vizuri juu ya makaa unakutengenezea hali ya hewa ya Dodoma chini ya paa lako la Munisagara.

Ukitaka ushahidi, waangalie waliokausha nyama bila moshi kabisa. Watu wa milima ya Andes, ambako neno jerky limetoka, walitumia jua la mchana, baridi kali ya usiku na chumvi. Makaburu wa Afrika Kusini hutundika biltong kwenye upepo wa majira ya baridi, imepakwa siki na giligilani. Kaskazini mwa Kenya, kina mama wa Kiborana na wa Kisomali hukata nyama ya ngamia au ng'ombe vipande vyembamba, wakavikausha, wakavikaanga na kuvihifadhi ndani ya mafuta: hiyo ndiyo nyirinyiri inayouzwa Isiolo na hadi Nairobi. Waluo wana aliya, nyama ya jua. Kote huko nyama imekaa miezi, na hakuna aliyeusifu moshi.

Bonde la Mkondoa limejua thamani ya chakula kikavu kwa muda mrefu, kwa sababu lilikuwa njia. Misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ilipandia hapa. Richard Burton na John Speke walipita mwaka 1857. Henry Stanley alipandisha mwaka 1871, masika yakiwa yamekolea, akimtafuta Livingstone. (Carl Peters naye alifika Desemba 1884 na kuondoka na mkataba wenye alama ya mtawala aliyemwita Muinin Sagara, karatasi iliyotumika baadaye kuidai nchi nzima. Hiyo si habari ya nyama, lakini ukiwa Munisagara ni vigumu kuipita kimya.) Mpagazi wa misafara hiyo alibeba kama frasila mbili, yaani kilo 32 hivi, na juu ya mzigo wa tajiri aliongeza mkeka wake, sufuria na chakula chake. Mnyama akiangushwa njiani, kambi ilisimama. Nyama ilikatwa vipande virefu na kubanikwa juu ya moto usiku kucha. Hesabu yao ilikuwa ya mabega: kilo nne za nyama mbichi hubaki kama kilo moja ikikauka.

Lakini zingatia walivyoila. Waliichemsha. Nyama kavu ya kwetu, kuanzia ya wapagazi hadi ile inayotundikwa leo juu ya meko ya bibi, ni kitoweo: huoshwa, hurowekwa, huchemshwa mpaka ilainike, kisha huungwa kwa karanga au tui la nazi na kuliwa na ugali. Chochote kilichobaki hai ndani yake hufia chunguni. Jerky hailiwi hivyo. Hutoka kwenye pipa ikaingia mfukoni, na kutoka mfukoni hadi mdomoni. Chungu kimeondolewa katikati, na hakuna kilichowekwa mahali pake. Hii ndiyo tofauti ambayo mtu aliyekulia na nyama ya kubanika haioni, kwa kuwa mikono yake inajua kazi nusu tu na anadhani anaijua yote.

Wamarekani wenyewe wamelipa ada ya somo hilo. Mwaka 1995, katika jimbo la Oregon, watu waliugua kwa bakteria wa E. koli wa aina ya O157 baada ya kula jerky ya paa iliyotengenezwa nyumbani. Ilikuwa imekauka sawasawa. Shida ni kwamba bakteria anayekaushwa taratibu kwa joto la chini hujikaza: kadiri maji yanavyopungua ndivyo anavyozidi kustahimili joto, na ukija kuongeza moto mwishoni umeshachelewa. Ndiyo sababu Wizara ya Kilimo ya Marekani inashauri nyama ya ng'ombe ifikishwe nyuzi 71 ikiwa bado mbichi na yenye maji, ndipo ikaushwe. Kwa kuku ni nyuzi 74. Ua kwanza, kausha baadaye. Ukigeuza utaratibu huo, nyama itapendeza kwa macho na kumlaza mtoto hospitali.

Kuna ugonjwa mmoja ambao hata utaratibu huo hauufikii, nao ni kimeta. Mbegu zake huvumilia ukavu, chumvi, moshi na hata kuchemshwa kwa muda mfupi. Mnyama aliyejifia haguswi, wala hakaushwi "asipotee bure". Kishawishi ni kikubwa kuliko watu wanavyokiri, hasa ukame unapoangusha ng'ombe wengi kwa mpigo.

Halafu kuna nyamapori. Siwezi kuandika juu ya nyama kavu kusini mwa Kilosa nikajifanya sijui watu wanachokifikiria. Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964, ina kilomita za mraba 3,230, na barabara kuu ya kwenda Iringa inaikata kwa takriban kilomita 50. Pembeni kuna mabango ya faini kwa dereva atakayegonga mnyama, kila mnyama na bei yake. Nyama ikishakauka haina pembe wala ngozi, na moshi umeshaifuta rangi, kwa hiyo mbichi ingekamatwa mapema, kavu husafiri. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 haibagui kavu na mbichi: ni nyara za serikali, na wako Watanzania waliofungwa miaka 20 kwa vipande vya nyama kavu ya nyumbu au pundamilia. Anayetamani ladha hiyo ana njia ya halali tangu kanuni za mwaka 2020 ziliporuhusu mabucha ya nyamapori yenye leseni. Anunue huko na atunze risiti. Mimi naona ng'ombe anatosha. Wilaya ya Kilosa haina uhaba wa ng'ombe: wako wa wafugaji wa Parakuyo na Twatwatwa, na iko ranchi ya Mkata.

Basi twende bucha. Nenda asubuhi, nyama ikiwa imeshuka leo, na usiombe mchanganyiko.

"Kaka, naomba steki ya paja. Usiniwekee mafuta."

"Bila mafuta haina utamu, dada."

"Siendi kupika, naenda kukausha."

Atakutazama kidogo, kisha atakukatia. Amesema kweli kuhusu utamu, ila mafuta hayakauki. Hukaa pale pale yakichacha, na wiki mbili baadaye kipande kizima kinanuka kama mshumaa. Ondoa hata yale meupe membamba yaliyo katikati ya misuli. Weka nyama kwenye friza saa moja au mbili mpaka igande nusu, ndipo uikate; ikiwa laini kisu huteleza na vipande hutoka vinene upande mmoja. Unene unaotakiwa ni milimita 5 au 6, usizidi hapo. Ukikata kwa kufuata nyuzi utapata nyama ya kuvuta kwa meno, ukikata kwa kuzipinga itavunjika kirahisi. Wazee wa kwetu watakushukuru kwa hiyo ya pili.

Chumvi, gramu 20 kwa kila kilo ya nyama. Pima, usikadirie kwa kiganja, maana nyama ikishapungua hadi robo, chumvi yote itakuwa imebaki ndani ya robo hiyo. Viungo ni vya kupenda kwako: kitunguu saumu, tangawizi, pilipili manga ya Matombo kama unaipata, na ndimu. Ilaze usiku mzima kwenye jokofu. Asiye na jokofu asilaze. Aikoleze saa moja tu na kuendelea.

Asubuhi ndipo hatua inayorukwa. Tia vipande na maji ya viungo vyake kwenye sufuria, ongeza maji kidogo vifunikwe, vichemke kwa dakika 5 kamili. Kama una kipimajoto cha kuchoma, chagua kipande kinene kuliko vyote na uhakikishe nyuzi 71 katikati. Rangi itakuwa ya kijivu isiyopendeza, na mwenye nyama atahisi ameiharibu. Hajaiharibu. Chuja, tandaza kwenye waya mara moja, na moto wa pipa uwe umeshawaka.

Pipa lenyewe ni lile la lita 200, na hapa fundi wa kuchomelea anahitaji kusimamiwa. Kwanza ajulikane alikolitoa. Lililobeba mafuta ya kula linafaa. La dawa za kilimo halifai hata likichomwa mara kumi. Rangi ya ndani na nje iunguzwe kwa moto mkali hadi iishe, kisha pipa lisuguliwe. Waya za ndani zisiwe za mabati, kwa sababu madini ya zinki yaliyopakwa juu yake yakipata joto kali hutoa mvuke wenye sumu, na tindikali ya ndimu huyayeyusha. Sasa kuhusu moto: mafundi wengi huuweka chini ya nyama, ndani ya pipa lile lile. Hilo ni jiko la kuchomea. Moto wa kukaushia ukae pembeni, kwenye kisanduku au shimo lililounganishwa na pipa kwa bomba au mfereji wa kama mita moja, ili nyama ipate hewa ya moto bila miali. Faida ya pili ni ya afya: mafuta na majimaji yakidondokea makaa huzalisha benzopairini, ambayo Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani limeithibitisha kuwa inasababisha saratani kwa binadamu. Chini ya pipa kuwe na tundu la hewa, juu kuwe na bomba la kutolea, na yote mawili yabaki wazi.

Hapo kwenye bomba la juu ndipo ugomvi ulipo. Karibu kila mtu hulifunga, akitaka moshi "usipotee". Akilifunga, mvuke wa nyama nao haupotei. Hugonga mfuniko, hugeuka matone na kuirudia nyama, na moto ukikosa hewa hutoa moshi mweupe mzito wenye uchungu wa masizi. Moshi mzuri ni mwembamba, wa bluu, unaoupata kwa kuni kavu na hewa ya kutosha. Kuni ziwe za mpera, mwembe au mgunga. Usitumie msonobari wala mkaratusi, kwa sababu ya utomvu na mafuta yake, na mnyaa usikaribie hata pipa. Mkaa pia unafaa kuleta joto, kisha vijiti vichache vya mpera vikaleta harufu. Mbao zilizopakwa dawa au rangi ni za taka.

Joto likae kati ya nyuzi 55 na 60. Likizidi sana, ngozi ya nje hukauka kabla ya ndani na kufunga njia ya maji. Kipande kinakuwa kigumu mkononi na kibichi tumboni. Saa ya kwanza na ya pili peleka moshi, baada ya hapo makaa matupu na upepo vinatosha, kwa sababu nyama iliyokauka juu haipokei tena moshi wa maana. Badilisha nafasi za waya, kwani wa chini hutangulia. Kwa unene niliotaja itachukua saa 6 hadi 10, na masika huelekea zaidi kwenye 10.

Kujua kama imeiva, usitumie saa. Toa kipande, kipoe kabisa, kwa kuwa cha moto hudanganya kwa ulaini. Kikunje. Kikipinda bila kuonyesha nyufa, bado. Kikipasuka juu na kuonyesha nyuzi nyeupe bila kukatika vipande viwili, tayari. Kikivunjika kwa mlio, umepitiliza. Hicho ni cha kutwangwa na kutiwa kwenye mboga.

Iache ipoe wazi kabla ya kuifungia, kwa sababu nyama ya moto ikifungiwa kwenye kopo hutoa jasho, na jasho hilo huotesha ukungu ndani ya siku tatu. Chupa ya kioo yenye mfuniko wa kukaza ni bora kuliko mfuko wa nailoni. Kiangazi itakaa wiki kadhaa kabatini. Masika, ukifungua kila siku, hewa ile ile ya Mkondoa uliyohangaika kuipasha itaingia na kurudisha ilichotoa. Kwa hiyo gawa kwenye chupa ndogo ndogo, fungua moja baada ya nyingine. Kipande chenye ukungu hakikwanguliwi, hutupwa.

Ipo siku mtu atakuonjesha wazo la kuuza. Stendi ya Mikumi mabasi ya Iringa na Mbeya yanasimama, abiria wana njaa, na korosho na mayai ya kuchemsha wameshayachoka. Kabla ya hapo kuna milango ya kubisha: Bodi ya Nyama, na Shirika la Viwango, TBS, ambalo tangu 2019 ndilo lenye jukumu la usalama wa chakula. Watataka kujua nyama imepimwa na daktari wa mifugo wapi, na jengo lako likoje. Hiyo inawezekana. Kinachoshinda wengi ni bei. Kilo moja yako ni kilo nne za steki, ukiongeza yale mafuta uliyoyakata na kuyatupa, na kuni, na siku nzima ya mtu mmoja. Mteja aliyetoka kuiona bei ya bucha asubuhi atakuuliza kwa nini nyama iliyonyauka inauzwa zaidi ya mara nne ya ile yenye damu, na ukianza kumweleza habari za maji basi litakuwa limeshaondoka. Wanaouza kambale wa kubanika wamelijua hilo siku nyingi. Hawauzi kwa kilo. Huuza kwa kichwa, mmoja mmoja, na mizani haionekani mezani.